Urekebishaji wa Vipimo vya Fluoresensi ya Klorofili: Somo la Sayansi na la Istilahi kutoka Kakamega

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi vipimo vya fluoresensi ya klorofili, ambavyo hutumiwa kukadiria usanisinuru katika majani, vinavyopotoka na jinsi vinavyorekebishwa. Mifano imechukuliwa katika mazingira ya Kakamega, ambako msitu, mahindi, maharagwe na chai hukaribiana. Sambamba na hesabu, makala yanachunguza maneno ambayo Kiswahili kinayo ya kuielezea kazi hii na yale ambayo bado hakijayapata. Hoja inayoongoza ni kwamba kasoro za kipimo si za aina moja: ipo inayojifuta yenyewe, na ipo inayobaki hata baada ya kugawanya.

Utangulizi

Katika mji wa Kakamega kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2007. Mashariki ya mji umo Msitu wa Kakamega, ambao wanabotania huuhesabu kuwa masalia ya msitu wa mvua uliowahi kuenea kutoka Kongo. Msitu huu umevutia watafiti wengi; baina ya 2001 na 2010 ulikuwa mojawapo ya vituo vikuu vya mradi wa BIOTA Afrika Mashariki, uliofadhiliwa na serikali ya Ujerumani. Pembezoni mwake imepandwa mikanda ya chai ili kuukinga na mashamba, na baada ya chai huanza mahindi na maharagwe ya wakulima wadogo. Kwa mtu anayetaka kupima kazi ya majani, hapa pana kila aina ya jani: lililozoea kivuli kizito, lililozoea jua kali, la kijani kibichi na la manjano.

Mwanafunzi wa botania katika mazingira haya husikia na kuzungumza Kiswahili sokoni, katika matatu na bwenini, lakini akiingia maabara hukiacha mlangoni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, ila somo la biolojia bado hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa upande wa Tanzania, sayansi ya shule nyingi za msingi imefundishwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi, kisha mwanafunzi akifika sekondari hubadilishiwa lugha. Mara nyingi wanaotetea Kiswahili cha sayansi hutaja orodha za istilahi kama ushahidi. Ushahidi huo ni mwembamba. Orodha haifundishi. Lugha hujipima pale inapolazimika kueleza kwa nini namba iliyotoka kwenye chombo kizima, kisichoharibika, haistahili kuaminiwa jinsi ilivyo. Ndiyo kazi inayojaribiwa hapa.

Jani na mwanga wake

Neno usanisinuru limeundwa kwa usanisi na nuru, nalo limekwisha kukaa vizuri katika kamusi na vitabu. Ni mchakato ambao mmea hutumia nuru ya jua, maji na kabonidayoksaidi kutengeneza sukari, huku oksijeni ikitolewa. Rangi inayoipokea nuru hiyo ni klorofili, ambayo baadhi ya waandishi huiita umbijani.

Nishati ya nuru iliyokwisha kupokewa na klorofili ina njia kuu tatu za kutokea. Inaweza kutumika katika kazi ya usanisinuru. Inaweza kupotea kama joto. Au inaweza kutolewa tena kama mwanga mwekundu hafifu. Mwanga huo wa tatu ndio fluoresensi. Katika jani lililo hai ni sehemu ndogo mno, takriban asilimia 1 hadi 2 ya nuru iliyopokewa, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona shamba la mahindi likiwaka wekundu mchana.

Hata hivyo, mwanga huu unaweza kuonekana darasani bila chombo cha bei. Majani ya sukumawiki yakitwangwa, yakalowekwa katika spiriti na kuchujwa, hupatikana maji ya kijani. Yakimulikwa kwa tochi kali katika chumba chenye giza na kutazamwa kutoka upande ule ule wa tochi, maji hayo huonekana mekundu kama damu. Sababu ni kwamba klorofili imetolewa katika jani na kutenganishwa na mitambo ya usanisinuru. Haina mahali pa kuipeleka nishati yake, hivyo sehemu kubwa zaidi hurudi kama mwanga. David Brewster aliuona wekundu huu huko Uskoti mwaka 1834. Mwaka 1931, Hans Kautsky na A. Hirsch nchini Ujerumani waligundua jambo lililozaa taaluma nzima: jani lililowekwa gizani kisha likamulikwa ghafla, fluoresensi yake hupanda upesi, halafu hushuka polepole kadiri usanisinuru unavyoshika kasi. Njia hizo tatu, basi, hushindana. Kazi ikiongezeka, mwanga hupungua, ikiwa joto halijabadilika. Anayepima mwanga anaweza kukisia kazi.

Kuhusu jina

Kabla ya kuendelea, jina lenyewe linahitaji kujadiliwa, kwa kuwa wasomaji wa Kiswahili watauliza kwa haki kwa nini fluoresensi, si neno la Kibantu. Mng'ao ndilo neno la kwanza linalokuja akilini, lakini sufuria iliyosuguliwa vizuri nayo hung'aa, hali haitoi mwanga wake. Inaurudisha tu uliokuja. Kumemeta ni kwa kimulimuli na nyota, nako kuna maana ya kuwaka na kufifia. Kuakisi ndiko hatari zaidi, kwa sababu mwanga ulioakisiwa huwa na rangi ile ile uliyokuja nayo, ilhali fluoresensi huingia buluu na kutoka nyekundu. Anayesema kuwa jani huakisi fluoresensi amesema mambo mawili yasiyokutana.

Ieleweke pia kuwa Kiingereza hakikulipata neno hili kwa busara ya pekee. George Stokes aliliunda mwaka 1852 kutokana na jina la jiwe, fluoriti, ambalo baadhi ya aina zake hutoa mwanga wa namna hiyo. Kwa hiyo kulikopa si aibu. Hasara yake ni ya kisarufi: usanisi una kitenzi, na mtu husema jani linasanisi sukari, fluoresensi haina kitenzi, na mwandishi hulazimika kusema jani linatoa fluoresensi kila mara. Mkopo huu umekuja na nomino bila jamaa zake.

Namba mbili

Kipimo cha kawaida huanza gizani. Jani hubanwa kwa kibanio kidogo kinachozuia mwanga kwa muda wa dakika 20 hadi 30, ili milango yote ya fotosistemu ya pili, yaani vile vituo vinavyoanzisha kazi ya usanisinuru, ifunguke. Kisha chombo hutoa mwanga hafifu mno na kusoma fluoresensi ya chini kabisa, F0. Baada ya hapo hutolewa mweko mkali wa chini ya sekunde moja hivi, unaofunga milango yote kwa pamoja. Fluoresensi hupanda hadi kilele, Fm. Tofauti ya Fm na F0 ikigawanywa kwa Fm hutoa uwiano unaoonyesha uwezo wa juu wa fotosistemu ya pili. Mwaka 1987 Olle Björkman na Barbara Demmig walionyesha kwamba katika majani yenye afya ya mimea mingi ya aina mbalimbali uwiano huu hukaribia 0.83. Tangu hapo namba hiyo imegeuka kuwa kama joto la mwili kwa daktari: ikishuka, jani huhesabiwa kuwa na taabu.

Hapo ndipo mtego ulipo. Tuseme, kwa mfano wa kukisia, kwamba katika shamba la mseto nje ya Kakamega jani la mharagwe limetoa F0 ya 400 na Fm ya 2300. Uwiano wake ni 1900 kwa 2300, yaani 0.826. Jani la mhindi lililo jirani nalo limetoa F0 ya 500 na Fm ya 2250. Uwiano ni 1750 kwa 2250, yaani 0.778. Mwanafunzi asiye na mwalimu ataandika kwamba mahindi yamo taabuni na maharagwe ni mazima. Huenda akamshauri mwenye shamba anunue mbolea ambayo hakuihitaji.

Kinachojumlishwa na kinachozidishwa

Jani lina fotosistemu mbili, na klorofili ya fotosistemu ya kwanza nayo hutoa fluoresensi kidogo. Fluoresensi hiyo haibadiliki sana mweko unapopigwa. Ipo tu, kama sauti ya mto nyuma ya mazungumzo. Chombo hakiwezi kuitenga. Kwa hiyo F0 iliyosomwa ni F0 halisi ya fotosistemu ya pili pamoja na kijalizo, na Fm iliyosomwa ni Fm halisi pamoja na kijalizo kile kile. Wakati wa kutoa, kijalizo hujifuta. Lakini wakati wa kugawanya hubaki kwenye kigawanyi, na uwiano hushuka.

Mahindi ni mmea wa kundi la C4. Seli zinazozunguka mishipa ya jani lake zina fotosistemu ya pili chache mno, huku ya kwanza ikiwa tele. Erhard Pfündel, mwaka 1998, alikadiria kwamba katika mawimbi yanayozidi nanomita 700 fotosistemu ya kwanza huchangia takriban asilimia 30 ya F0 katika mimea ya C3, kama maharagwe, na takriban asilimia 50 katika mimea ya C4. Tukitumia makadirio hayo, katika mharagwe tutaondoa 120 kwa kila namba: F0 itakuwa 280, Fm 2180, na uwiano 1900 kwa 2180, yaani 0.872. Katika mhindi tutaondoa 250: F0 itakuwa 250, Fm 2000, na uwiano 1750 kwa 2000, yaani 0.875. Tofauti yote imetoweka. Mahindi hayakuwa mgonjwa, yalikuwa mahindi.

Je, kwa nini watengenezaji wa vyombo wasichague kusoma mawimbi mafupi zaidi, ambako fotosistemu ya kwanza ni kimya? Fluoresensi ya jani ina vilele viwili, kimoja karibu na nanomita 685 na kingine karibu na nanomita 740, na fotosistemu ya kwanza husikika zaidi katika kilele cha pili. Kuhamia kilele cha kwanza kungeupunguza uchafu huo. Lakini klorofili hupenda sana mwanga mwekundu wa nanomita 685: mwanga unaotolewa ndani kabisa ya jani hunyonywa tena na klorofili nyingine kabla haujatoka nje. Jani la kijani kizito hula sehemu kubwa ya mwanga wake lenyewe, na kinachofika kwenye chombo ni mabaki. Hivyo anayekimbia kasoro moja hukutana na nyingine.

Kasoro hizi mbili, hata hivyo, hazifanani, na hapa ndipo somo lote lilipo. Unyonywaji wa ndani huzidisha. Tuseme asilimia 60 tu ya fluoresensi ya ule mharagwe ndiyo inayotoka: F0 itasomwa 240 badala ya 400, na Fm 1380 badala ya 2300. Uwiano ni 1140 kwa 1380, yaani 0.826 ile ile. Kizidishi kinachogusa namba zote mbili kwa kiasi kimoja hujifuta katika mgawanyo, kijalizo hakijifuti. Mwanafunzi akilishika hili moja, atajua kasoro ipi imtie wasiwasi na ipi aiache ipite, bila kukariri orodha yoyote ya kanuni.

Unyonywaji wa ndani huwa tatizo pale ambapo hakuna mgawanyo wa kuuokoa: mtu anapolinganisha ukubwa wa fluoresensi ya majani mawili tofauti, au uwiano wa vilele viwili. Jani la mche ulioota chini ya miti mikubwa ya msitu na jani la mpera uliojiotea ukingoni yanaweza kutoa fluoresensi sawa ndani, yakaonekana tofauti nje. Hapo mtafiti hana budi kupima ni kiasi gani cha mwanga jani linaakisi na kiasi gani linapitisha katika kila urefu wa wimbi, kisha akokotoe sehemu iliyonaswa na kuirudishia. Tatizo hili sasa limepanda angani: tangu 2011, zilipochapishwa ramani za dunia nzima za fluoresensi ya mimea kutokana na satelaiti ya Kijapani ya GOSAT, wataalamu wamekuwa wakihangaika na swali hilo hilo kwa msitu mzima, ambako jani la chini hufichwa na la juu.

Jani la manjano

Kasoro yenye gharama kubwa zaidi kwa mkulima wa magharibi mwa Kenya ni nyingine, nayo imejificha katika namba inayoonekana kuwa haina hatia. Mtafiti anapotaka kujua kasi ya elektroni katika jani lililo juani, hutumia uwiano uliopendekezwa na Bernard Genty na wenzake mwaka 1989: Fm ya mwangani hutolewa fluoresensi iliyopo, kisha matokeo hugawanywa kwa Fm hiyo ya mwangani. Uwiano huo huzidishwa kwa kiasi cha nuru iliyolifikia jani, halafu kwa 0.84, halafu kwa 0.5. Namba 0.84 ni dhana kwamba jani hupokea asilimia 84 ya nuru inayoliangukia. Namba 0.5 ni dhana kwamba nusu ya nuru hiyo huenda kwa fotosistemu ya pili. Vyombo vingi huja na namba hizi zikiwa zimekwisha kuwekwa kiwandani, na wapimaji wengi hawazigusi.

Sasa tuangalie shamba lililovamiwa na kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalojulikana pia kwa jina la kayongo katika nchi ya magharibi. Kiduha hushikamana na mizizi ya mhindi, hunyonya maji na virutubisho vyake, na kudhoofisha usanisinuru wake. Majani huweza kugeuka manjano. Ardhi iliyochoka na kukosa naitrojeni huleta manjano hayo hayo. Jani la manjano halipokei asilimia 84 ya nuru. Tuseme linapokea asilimia 70. Ikiwa uwiano wa Genty ni 0.50 na nuru ni mikromoli 1000 kwa mita mraba kwa sekunde, chombo kitaandika 0.50 mara 1000 mara 0.84 mara 0.5, yaani 210. Jibu lililorekebishwa ni 175. Chombo kimelipa jani dhaifu asilimia 20 zaidi ya stahili yake, na bila shaka hakikulipa jirani yake mzima nyongeza hiyo.

Matokeo ya kosa hili ni ya kusikitisha kidogo, kwa sababu linafanya kazi kinyume na makusudi ya kipimo. Kadiri mmea unavyougua na kupauka, ndivyo chombo kinavyozidi kuufichia ugonjwa. Mtafiti anayelinganisha mbegu mbili, moja inayostahimili kiduha na moja isiyostahimili, ataziona zimekaribiana kuliko zilivyo kweli. Marekebisho yake ni rahisi: kupima upokeaji wa nuru wa kila jani, badala ya kuukopa kutoka kiwandani. Ile 0.5 nayo haifai kuachwa hivi hivi kwa mahindi, kwa kuwa jani lenye wingi wa fotosistemu ya kwanza huenda likaipa ya pili chini ya nusu.

Kuhusu mweko wenyewe, neno fupi latosha. Jani lililo katika jua la adhuhuri linahitaji mweko mkali sana ili milango yote ifungwe. Usipotosha, Fm ya mwangani husomwa chini. Fluoresensi ikiwa 800 na Fm halisi 1600, uwiano ni 0.50, Fm ikisomwa 1450, uwiano huwa 0.448. Kasoro hii haizidishi wala haijumlishi kwa usawa. Inaigusa namba moja tu, hivyo hakuna mgawanyo wa kuifuta. Dawa yake ni kupiga mweko wa viwango kadhaa vya ukali ndani ya sekunde ile ile na kukisia, kwa mstari, Fm ingekuwa ngapi endapo mweko ungekuwa mkali bila kikomo. Mbinu hiyo ilielezwa kwa kina na S. D. Loriaux na wenzake mwaka 2013.

Kusahihisha au kurekebisha?

Tendo lililoelezwa katika makala haya limeitwa urekebishaji, si usahihishaji, nalo limeitwa hivyo kwa makusudi. Katika Kiswahili, anayesahihisha huwa na jibu sahihi mkononi: mwalimu husahihisha mtihani, mhariri husahihisha muswada. Kosa ni la aliyeandika. Katika kipimo cha fluoresensi hakuna aliyekosea. Chombo kimesoma mwanga ulioufikia kwa uaminifu. Jani limetoa mwanga kwa kadiri ya maumbile yake. Kinachohitajika ni kuirudisha namba mahali pake kwa kuzingatia njia iliyopitia, na hakuna mwenye jibu sahihi la kulinganisha nalo. Hata makadirio ya asilimia 30 na 50 yaliyotumiwa hapo juu ni wastani, na jani fulani laweza kuwa tofauti. Kurekebisha kuna maana hiyo ya kuweka sawa kilichokaa upande.

Kwa sababu iyo hiyo, neno kosa limetumika hapa kwa uangalifu, na kasoro kutumika zaidi. Kosa hubeba lawama. Mwanafunzi anayesoma kwamba kipimo chake kina kosa huenda akakirudia mara kumi akitumaini kupata kingine, naye atapata kile kile mara kumi.

Zoezi

1. Jani la mtama, ambao ni mmea wa C4, limetoa F0 ya 450 na Fm ya 1950. Kokotoa uwiano kabla ya kurekebisha, kisha uurekebishe ukichukulia kwamba nusu ya F0 ni ya fotosistemu ya kwanza.

2. Rudia hesabu ukichukulia kwamba chombo kinasoma mawimbi mafupi ambako mchango huo ni asilimia 20 tu ya F0 iliyosomwa. Eleza ni kasoro gani nyingine ingeongezeka kwa kuhamia huko, na kwa nini isingebadilisha uwiano.

3. Mtu ameandika: "Jani la chai liliakisi mwanga mwekundu wa klorofili baada ya kumulikwa kwa buluu." Iandike upya sentensi hii. Kisha pendekeza kitenzi kimoja cha Kiswahili kitakachoweza kubeba maana ya kutoa fluoresensi, na uonyeshe kwamba hakikubali kutumiwa kwa sufuria iliyosuguliwa.